Skafu Tatu Zinatosha: Kuzichagua, Kuzifunga na Kuzitunza, Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Panda matatu Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, utazame shingo za abiria wenzako. Mji huo uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri haibishi hodi. Gari likipanda kuelekea Mau Summit baridi inazidi, Kericho pengine mvua inawapokea, kisha barabara inaanza kuteremka. Mkifika Ahero, penye mashamba ya mpunga, madirisha yote yako wazi na majaketi yamelala mapajani. Kisumu yenyewe iko mita 1,130 hivi. Saa saba mchana jua lake halina mzaha na mtu.

Katika safari hiyo moja skafu yangu hufanya kazi nne. Nakuru huwa shingoni. Kericho naitandaza mabegani. Ahero naifunga kwenye mkanda wa mkoba ili nipate hewa. Nikishuka stendi ya Kisumu naihamishia kichwani, kwa sababu ya jua, na kwa sababu ya helmeti ya bodaboda ambayo vichwa vingi vimeivaa kabla ya changu. Jaketi ukilivua linakuwa mzigo. Skafu huivui, unaihamisha tu.

Mimi nauza skafu na vitambaa vya mitumba, kwa hiyo ingenifaa nikwambie ununue kumi. Sikwambii. Wateja wangu wengi wana skafu kumi na tano kabatini na wanazozivaa ni mbili. Zile kumi na tatu zilinunuliwa kwa sababu ya rangi. Skafu hununuliwa kwa kipimo na aina ya kitambaa, rangi ikafuata. Ukishika mpangilio huo, tatu zinakutosha mwaka mzima, na mbili kati yake unaweza kuzipata kwa pesa ndogo kuliko nauli ya kutoka Kisumu hadi Nakuru.

Hatua ya kwanza: pima kwa mwili wako

Huhitaji futikamba sokoni. Waswahili wana vipimo vyao vya tangu zamani na vyote umezaliwa navyo. Tanua kiganja: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri, sentimita 22 hivi. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa, sentimita 45 hivi. Dhiraa mbili ni wari. Nyoosha mikono yote miwili kama unayetaka kumkumbatia mtu: hiyo ni pima moja, na kwa watu wengi inakaribiana sana na urefu wa mwili wao. Mimi ni mfupi, pima yangu ni sentimita 158. Jipime nyumbani mara moja, ukariri, basi.

Sasa zile tatu.

Ya kwanza ni mraba wa wari moja kila upande, yaani sentimita 90. Hicho ndicho kipimo cha skafu za hariri ambazo Hermès ya Paris ilianza kuzitengeneza mwaka 1937, na wengine wengi wamekifuata, ndiyo maana hata kwenye robota la mitumba miraba ya wari moja haikosekani. Mraba huu unafunga shingo, unafunika kichwa, unakuwa utepe, unakuwa mshipi. Kama utanunua moja tu maishani, nunua huu.

Ya pili ni ndefu: urefu usiopungua pima moja, upana wa dhiraa moja na nusu. Ikiwa fupi zaidi ya hapo, ncha zitakuponyoka kila ukiinama. Hii ndiyo ya baridi, na ndiyo ya kilemba.

Ya tatu ni leso, ile ile ya Pwani, sentimita 150 hivi kwa 110 hivi. Najua kuna watakaosema leso si skafu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na leso za mwanzo, katika karne ya 19, zilipatikana kwa kuunganisha vitambaa vya namna hiyo sita vikawa nguo moja. Kwa ukoo, leso ni mama mkubwa wa skafu zote tunazozivaa huku.

Kuna na vile vidogo vya shibiri mbili na nusu. Vizuri kwa kifundo cha mkono au kufungia nywele za mtoto. Ukipewa, pokea, usikihesabu.

Hatua ya pili: ujue kitambaa kabla hakijakujua wewe

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Pamba hunyonya jasho na haitelezi kichwani. Kwa Kisumu, Busia, Siaya na mji wowote wa ukanda wa ziwa, pamba ndiyo kitambaa chako. Ubaya wake ni kukunjamana, na rangi yake hupauka ikianikwa juani.

Rayoni, ambayo wengine huiita viskosi, hulala vizuri mwilini na huwa baridi ukiigusa. Wengi huinunua wakidhani ni hariri. Ina udhaifu mmoja mkubwa: ikilowa hupoteza nguvu nyingi. Ukiikamua kama unavyokamua dekio, itachanika mikononi mwako.

Hariri ni nyepesi, na pamoja na wepesi wake hutia joto. Haipendi jasho wala manukato ya kupuliza. Vyote viwili huiacha na mabaka. Mitumbani hariri ya kweli ipo, ila mara nyingi imejificha chini ya mafungu, imekunjamana kama karatasi ya maandazi. Iangalie pindo: ikiwa limeviringishwa kwa mkono na nyuzi zake hazifuatani kwa usawa kama za cherehani, mtu alikaa akaishona. Hiyo usiiachie.

Sufu na kashmiri ni za Nakuru, Molo, Kericho na Eldoret. Kisumu utazivaa siku mbili kwa mwaka, na siku hizo utakuwa na homa.

Poliesta ndiyo imejaa kila mahali: satini ya kung'aa, shifoni ya kuona ndani, zote mara nyingi ni poliesta. Usiidharau. Haipauki, hukauka upesi, na ni rahisi kupatikana. Lakini hainyonyi jasho, na kwenye ukavu wa Januari na Februari pale Nakuru hushika umeme ikagandamana na sweta na kusimamisha nywele.

Utazitofautishaje? Ibane skafu kwenye ngumi uhesabu hadi kumi, kisha uiachie. Pamba na rayoni zitabaki na makunyanzi. Poliesta itajinyoosha kama iliyosahau ulichoifanya. Halafu tone la maji: kwenye pamba huzama, kwenye poliesta nyingi hukaa juu kama umande kwenye jani la nduma. Kipimo cha mwisho ni cha moto, na hiki kifanyie nyumbani, juu ya sinki, kwa uzi mmoja uliouchomoa pindoni. Usiwashe kiberiti kwenye kibanda cha mtu! Pamba na rayoni hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Hariri na sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na masalia yake husagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Ukishafanya mara tatu nne, pua yako haitasahau.

Hatua ya tatu: nenda sokoni

Soko la Kibuye, hapa Kisumu, huuza kila siku lakini Jumapili ndiyo siku yake. Fika mapema ukitaka kuchagua, fika jioni ukitaka kupunguziwa. Robota likifunguliwa, vipande bora huondolewa kwanza. Hivyo tunaviita kamera. Vinavyobakia kabisa, vinavyorundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kuondoa mzigo, ni fagia. Kwa gauni au suruali, nitakushauri uongeze pesa kidogo uchukue kamera, maana fagia ya suruali imechakaa magotini. Kwa skafu, nitakwambia siri inayoniumiza kibiashara: inama kwenye fagia. Skafu haina makwapa ya kutoboka wala zipu ya kuharibika. Iliyotupwa huko chini mara nyingi imetupwa kwa sababu muuzaji alikuwa akitafuta magauni, ikampita.

Inyanyue uitazame dhidi ya mwanga. Tundu dogo la nondo kwenye sufu huwa lina ndugu zake. Kagua pembe zote nne, kisha katikati, pale panapokaa kisogoni, ambapo mafuta ya nywele huacha alama isiyotoka.

Toka nayo nje ya kibanda. Turubai ya buluu hufanya nyeupe ionekane safi kuliko ilivyo, na turubai ya rangi ya chungwa hufanya kila uso uonekane umetoka saluni. Wateja wengi wanaorudi wakilalamika kwamba rangi imebadilika hawajaibiwa. Walinunua rangi ya turubai. Isogeze karibu na uso ukiwa juani, umwombe mwenzako akutazame. Akisema "hiyo skafu ni nzuri," irudishe. Akisema "leo umependeza," lipa.

Bei? Kwangu mraba wa poliesta ni shilingi 50, wa pamba 100, na hariri 250, nikijua ni hariri. Nisipojua, ni bahati yako. Usiulize kwanza bei ya ile uliyoipenda, na usiikumbatie kifuani wakati unauliza. Chagua tatu pamoja, kisha sema, "Mama, hizi zote ngapi?" Muuzaji hupunguza kwa wingi kuliko kwa maneno matamu. Leso mpya ni habari nyingine. Huuzwa kwa jozi, kwa hiyo ukiwa na dada au rafiki mnayepatana, gawaneni gharama, kila mmoja achukue moja.

Hatua ya nne: ioshe kabla haijakugusa shingo

Mitumba husafiri mbali ikiwa imebanwa, na harufu yake unaijua. Kabla ya kuiloweka, lowesha pembe moja, uibane ndani ya kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na rangi, ioshe peke yake, na uendelee kuiosha peke yake.

Maji baridi au ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, mikono isiyo na hasira. Maji ya mvua hutoa povu vizuri kuliko maji magumu ya kisima, nami hukinga ndoo moja kwa ajili ya hariri. Usikamue: viringisha skafu ndani ya taulo, bonyeza, kunjua, anika kivulini. Sufu ina sheria moja isiyovunjwa, nami niliivunja. Nilipata shali ya sufu ya kijivu, mali ya maana, nikaitia kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua kama soksi za shule. Ilitoka nene kama zulia na fupi kiasi cha kumtosha mtoto mchanga. Joto na msuguano hufanya nyuzi za sufu zishikane, na zikishashikana hakuna wa kuziamua.

Hatua ya tano: mafundo manne

Simama mbele ya kioo na skafu yako. Mafundo yapo mengi, mengine yanahitaji mikono mitatu. Haya manne ndiyo ninayoyafunga.

La pembetatu, kwa mraba wa wari moja. Kunja mraba kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu. Weka ubavu mrefu mbele, juu kidogo ya kola, pembe ya tatu ikining'inia kifuani. Peleka ncha mbili nyuma, zipishane kisogoni, zirudishe mbele. Zifunge chini ya pembetatu, zisionekane. Ukivaa jaketi juu yake, kifua kinafunikwa na upepo wa Nakuru unakosa mlango. Vumbi likizidi, inua pembetatu ufunike pua.

La kitanzi, kwa ndefu. Ikunje katikati ya urefu wake, iweke nyuma ya shingo, ukiwa na kitanzi upande mmoja na ncha mbili upande wa pili. Pitisha ncha zote mbili ndani ya kitanzi, vuta kiasi. Mtoto wa darasa la tatu analiweza. Likikaa kama tai iliyobanwa, umevuta sana. Lilegeze hadi vidole vinne vipite.

La utepe. Chukua mraba, ukunje pembe hadi pembe, kisha endelea kuukunja kuelekea ubavu mrefu mpaka ubaki na utepe wa upana wa vidole vitatu. Huo unazunguka kichwa kama kizuizi cha nywele, au unafungwa juu ya mkia wa nywele, au unapita kwenye vishikio vya mkanda wa suruali, au unaviringishwa kwenye mkono wa mkoba uliochubuka. Mkoba wangu wa hudhurungi umechubuka tangu zamani na hakuna anayejua.

Kilemba ndicho kinachoulizwa kuliko vyote, na ndicho kinachoharibu nywele za watu wengi. Anza na nywele, usianze na kitambaa. Zisuke au uzikusanye utosini. Funga kwanza kitambaa chepesi cha satini, kwa sababu pamba husugua nywele na kuzinyonya unyevu, hasa zile laini za kando ya paji la uso. Sasa chukua skafu ndefu ya pamba, katikati yake ikae kisogoni, chini kabisa, karibu na shingo. Leta ncha mbili mbele juu ya paji, zikaze, zipishanishe mara moja. Hapo una njia mbili. Ukitaka kilemba cha kazini, peleka ncha nyuma uzifunge chini ya kisogo, uchomeke mabaki ndani. Ukitaka cha harusini, zisokote ncha zote mbili pamoja kama kamba, uizungushe kamba hiyo juu ya fungu la nywele, uchomeke mwisho wake chini ya mzunguko wa kwanza. Pini moja ya usalama, ifichwe kwa ndani.

Kisha jaribu kuingiza kidole chini ya ukingo pale pajini. Kikikataa kuingia, fungua uanze upya. Kilemba kinachokuumiza kichwa saa nne asubuhi kinang'oa nywele, na nywele zikivutwa hivyo miaka na miaka, shina huchoka na upara wa kando hauponi kwa mafuta ya saluni yoyote.

Neno moja hapo hapo. Nakuru utawakuta Waakorino, waumini wa dhehebu la Kikristo, wanaume kwa wanawake, na vilemba vyao vyeupe. Kwao ni ibada. Ukivaa kilemba cheupe kitupu, kilichofungwa kama chao, usishangae ukisalimiwa kama muumini. Weka rangi au maua, kila mtu ajue ulipo.

Kabla hujapanda bodaboda

Sehemu hii isome hata kama umeruka nyingine. Mwaka 1927, huko Nice, Ufaransa, mcheza densi mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu shingoni. Skafu ilijisokota kwenye gurudumu, ikamuua pale pale. Pikipiki ina gurudumu lililo wazi na mnyororo, na wewe umekaa juu yake. Basi, kabla ya kupanda, ncha zote ziwe ndani: ndani ya jaketi, ndani ya blauzi, au skafu nzima iingie mkobani. Leso uliyojifunga kiunoni uikunje uikalie. Usimwachie mwendeshaji kazi ya kukuangalia. Yeye macho yako mbele.

Kichwani, mraba wa pamba uliofungwa bapa chini ya helmeti ni halali na ni usafi. Lakini bapa. Kilemba chenye fundo utosini huinua helmeti isikae mahali pake, na helmeti iliyoinuliwa ni kofia tu. Kichomoe, uendeshwe, ukifunge ukifika.

Leso ina mdomo

Leso ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maandishi. Huku kwetu Nyanza na Magharibi wengi huchagua maua na kuyapita maandishi. Mimi pia niliyapita. Nilikwenda kwa wakwe Bondo, mwaka wa kwanza wa ndoa, nimejitanda leso nzuri ya zambarau. Mama mkwe alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi wakati baba mkwe akifanya kazi bandarini. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanitazama mgongoni nilipogeuka, akasoma kwa sauti, polepole: "Hasidi hana sababu." Kisha akauliza, "Mwanangu, hasidi ni nani katika boma hili?"

Soma jina la leso. Ukikuta fumbo usilolielewa, muulize muuzaji, au likunje kwa ndani. Kwa matanga, kwa wakwe, kwa kanisa, tafuta lenye dua au shukrani.

Kuoanisha na nguo

Hapa sina maneno mengi. Gauni la maua na skafu ya maua ni shamba lisilopaliliwa. Kimoja kiseme, kingine kisikilize: nguo ya rangi moja hupokea skafu yenye michoro, na nguo yenye michoro hupokea skafu ya rangi moja, ikiwezekana rangi iliyochukuliwa kutoka kwenye michoro hiyo hiyo. Hereni kubwa na kilemba kikubwa pamoja, harusini sawa, ofisini utachoka. Kwa wenye blauzi tatu za kazi, badilisha skafu badala ya kununua blauzi ya nne.

Matangani vijijini, ambako utakaa juani kutwa, chukua leso: itakufunika mabega kanisani, itakuwa kivuli, itatandikwa nyasini, na jioni itakukinga na umande ukisubiri gari.

Wanaume husema skafu ni mambo ya wanawake. Husema hivyo Jumatatu, na Jumapili unawakuta uwanjani, skafu ya kijani na nyeupe ya Gor Mahia shingoni kwenye joto la Kisumu, au ya buluu na nyeupe ya AFC Leopards. Kaka, lile fundo la kitanzi unalijua tayari. Tumia ile ile mbinu na skafu ya kijivu au ya buluu iliyokolea ukienda Eldoret, na ncha zake uziingize ndani ya koti.

Kutunza, na kazi ya uzeeni

Usizitundike skafu za sufu kwenye msumari, zitarefuka. Zikunje, uziweke pamoja na majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa chepesi, na uzitoe kuzipunga hewa kila mwezi. Hariri ipigwe pasi ikiwa bado na unyevu kidogo, upande wa ndani, pasi ya joto la chini, kitambaa cha pamba kikiwa katikati. Ya makaa usiiguse hariri nayo kabisa: cheche moja, umekwisha. Manukato yapulize kwanza, yakauke, ndipo uvae.

Skafu ikichanika pembe, kata sehemu mbovu, pinda upya, umepata utepe wa nywele. Leso iliyochakaa huwa laini, na ulaini huo leso mpya haina. Mpe mwenye mtoto mchanga aitumie kwa mbeleko ikiwa bado ina nguvu, na ikiwa haina, ikate vipande vya kufunikia chapati au kushikia sufuria. Vya pamba tu. Poliesta usiipeleke jikoni, itayeyukia kwenye sufuria na kwenye vidole vyako.